Mkuyu Mbele ya Kioo: Kisa cha Jengo Moja la Kisumu

Mama anayefagia uwanja wa mbele ndiye aliyenionyesha kwanza, na nilimjibu vibaya. Ilikuwa saa moja kasoro asubuhi, majira ya masika, nami natafuta ufunguo wa chumba cha jenereta. Akaja na kizoleo mkononi. "Baba, leo ni saba." Juu ya majani makavu na vipande vya karatasi walikuwa wamelala ndege saba. Nikamwambia awamwage kwenye shimo la takataka za bustani, nikarudi kwa ufunguo wangu. Kilichonikwama ni lile neno "leo". Kama leo ni saba, basi jana walikuwa wangapi?

Jana walikuwa wawili. Juzi, alisema, mmoja na nusu, kwa sababu paka alikuwa ameshamaliza upande mmoja. Alikuwa akiwaokota tangu jengo lilipofunguliwa, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Watu wa ofisi huingia saa mbili, wakati huo uwanja umeshafagiwa ukang'aa.

Mimi ndiye msimamizi wa jengo hilo. Ni la ghorofa nne, liko upande wa Milimani, na ukipanda juu ya paa unaliona ziwa. Uso wake unatazama mashariki, nao ni kioo kitupu kuanzia chini hadi ghorofa ya tatu, kile kioo cha rangi ya buluu kinachorudisha taswira kama maji yaliyotulia. Mita kama kumi na mbili mbele yake umesimama mkuyu mkongwe ambao msanifu aliukwepa alipochora ramani, na kwa hilo namsifu hadi leo. Sisi tukaongeza yetu: ua wa haibiskasi, maua ya kuvutia chozi, wale ndege wadogo wanaofyonza maua, na beseni la saruji lenye maji ya ndege kuoga. Kwenye tangazo la kutafuta wapangaji tukaandika kwamba uwanja wetu ni rafiki wa ndege. Sentensi hiyo niliitunga mimi.

Niseme sasa hivi jambo nililochelewa kuliona, nisimchoshe msomaji kwa kulizunguka: tulichokuwa nacho ni mtego kamili. Chambo tulikipanda wenyewe na kukimwagilia, na mbele yake kulikuwa na ukuta usioonekana. Kama uwanja ungekuwa saruji tupu, wangekufa wachache.

Waliokuwa kwenye kizoleo

Siku ya pili nilifika mapema kuliko mama. Kwenye kioo cha ghorofa ya kwanza, juu kidogo ya kimo changu, kulikuwa na njiwa aliyechorwa kwa unga. Sisemi kwa mafumbo. Manyoya ya njiwa na hua hutoa unga mwepesi mweupe, na akigonga kioo kwa nguvu unga ule hubaki pale. Mabawa yalikuwa yametandazwa, ungeweza kuhesabu manyoya ya ncha. Kichwa kilikuwa kimegeukia upande, na palionekana hata duara dogo la jicho. Mwenyewe alikuwa chini, bado ana joto. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyopanga, kisha nikaenda kutafuta kitambaa cha kufutia, halafu nikaacha kufuta.

Wengine walikuwa shore wawili, kwera wa manjano (wenyeji wanamwita osogo), na mmoja ambaye sikumjua hata baada ya kumgeuzageuza kiganjani: mdiria mdogo kuliko kidole gumba na cha shahada vikiunganishwa, kifua rangi ya chungwa lililoiva, kichwa cha buluu, doa la zambarau nyuma ya jicho, mdomo mwekundu. Uzito wake haufiki gramu 20. Huyu huhama ndani ya Afrika kwa kufuata mvua, na husafiri usiku. Hakuwa mgeni wa bustani yetu hata kidogo. Alikuwa msafiri anayepita.

Ndege hakijui kioo. Sisi pia hatukioni. Tunaona fremu, kitasa, stika ya "sukuma", na wengi wetu tumeshagonga paji la uso kwenye mlango wa benki ndipo tukajifunza. Ndege haelewi fremu ni dalili ya nini. Akiutazama uso wa jengo letu asubuhi anaona mkuyu wa pili, na anga nyuma yake, naye anaruka kuelekea huko kwa mwendo ule ule anaotumia kupita kati ya matawi. Hiyo ndiyo namna ya kwanza ya kuua: taswira. Ya pili ni uwazi. Kwenye kona ya ngazi vioo viwili hukutana bila nguzo, na kutoka upande mmoja unaona miti ya upande wa pili. Kwa ndege pale ni njia ya mkato. Sisi, kwa kupendezesha, tulikuwa tumeweka mitende kwenye vyungu nyuma ya kona ile.

Umbali nao una lake. Ndege anayetua kwenye ua lililo chini ya mita moja kutoka kioo huruka akiwa hajachukua kasi, akigonga hupata kizunguzungu tu. Anayetoka kwenye mti ulio mita kumi ameshafungua mabawa yote. Mkuyu wetu uko pale pale panapoua.

Daftari la Jaduong'

Mlinzi wa usiku ni mzee ambaye sote tunamwita Jaduong', kwa heshima ya umri. Nilimpa daftari la shule nikamwomba aandike kila anachookota kabla ya alfajiri, na mama aandike baada ya hapo. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa ahesabu visubi. "Bosi, unataka majina?" Nikamwambia majina akiyajua, kama hayajui aandike rangi na ukubwa. Kurasa mbili za kwanza zilijaa kabla masika hayajaisha.

Daftari hili lilidanganya kwa upande mmoja, na ni vizuri aliyepanga kufanya kama sisi alijue hilo: linapunguza. Paka wana zamu zao. Kunguru huja kabla ya jua. Korongo wale wakubwa wenye mfuko shingoni, wanaoranda Kisumu nzima kama maafisa wa kukusanya ushuru, humeza kwera mzima mara moja na kuendelea na safari. Na yule anayegonga, akatikisa kichwa, akaruka tena, si kwamba amepona. Wengi hufa baadaye kwa damu iliyovuja kichwani, mbali na daftari lolote.

Lakini lilituonyesha mambo mawili ambayo macho yangu yalikuwa hayajayaona. Karibu maiti zote za mchana zilikuwa upande wa mkuyu, na karibu zote chini ya madirisha ya ghorofa mbili za mwanzo, yaani kimo cha matawi. Juu kulikuwa salama. Hapa kuna kosa la watu wengi, nami nilikuwa nalo: tukisikia habari za ndege na majengo tunafikiria maghorofa ya kugusa mawingu. Nchini Marekani, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2014 yalisema ndege kati ya milioni 365 na milioni 988 hufa kila mwaka kwa kugonga majengo, na maghorofa marefu yalichangia chini ya asilimia 1. Si kwamba marefu hayaui. Ni kwamba ni machache, na nyumba za kawaida na majengo ya ghorofa chache ni mengi mno.

Jambo la pili lilitoka kwenye maelezo ya pembeni ya Jaduong', aliyeandika kwa penseli: "Usiku wa visubi wengi." Mtu wa Kisumu haelezwi visubi wa ziwani. Hupanda juu ya maji kama moshi, hasa siku za mwezi kuandama, na jioni upepo ukiwaleta hujibandika kwenye kila taa. Kwetu taa za ngazi zilikuwa zinawaka usiku kucha, ghorofa zote nne, nyeupe kali, kwa ajili ya "usalama". Asubuhi kioo cha ngazi kilikuwa kimepakwa visubi, na ndege wala wadudu walikuja kujipatia kifungua kinywa kilichoandaliwa kwenye kioo chenyewe. Wale weusi kwa weupe wanaotikisa mkia walijua kuokota kwa kuning'inia hewani. Wengine walikuja kwa kasi.

Kuna na wale ambao taa yenyewe ndiyo inayowaita. Wakenya wanaofuatilia ndege wanajua habari ya Ngulia, hoteli iliyo Tsavo Magharibi: tangu 1969 watu hukusanyika pale Novemba na Desemba, na usiku wa ukungu ndege wanaotoka Ulaya na Asia huteremka kwenye taa zake kwa maelfu, wakanaswa kwa nyavu nyembamba, wakavishwa pete ya utambulisho mguuni na kuachiliwa. Pale taa imekuwa chombo cha elimu. Kwenye ngazi yetu yule mdiria hakukuta wa kumvisha pete.

Tulivyokosea kabla ya kupatia

Kitu cha kwanza tulichonunua ni stika za mwewe, tano, nyeusi. Mpangaji mmoja alisema aliziona mahali. Ndege hawaogopi mwewe asiyejongea. Baada ya siku chache wanamjua kuwa ni doa, nao hupita pembeni mwa doa. Stika moja hulinda ukubwa wa stika moja. Ushahidi ulikuwa shore aliyegonga kiganja kimoja kutoka bawa la mwewe.

Bundi wa plastiki nisimzungumzie. Njiwa walimkalia kichwani.

Tukajaribu mapazia ya ndani, kwa sababu yalikuwepo tayari. Usiku yalisaidia, yalizuia mwanga. Mchana hayakufanya kitu, na sababu yake ni rahisi ukisimama nje: taswira iko juu ya kioo, na chochote kilicho nyuma yake kimefunikwa na taswira hiyo. Alama ya kumsaidia ndege lazima iwe upande wa nje. Laiti ningejua sentensi hiyo moja mwanzoni, ningeokoa pesa za miezi mitatu.

Halafu likaja pendekezo la kuukata mkuyu. Lilitoka kwa watu wema, na kwa hesabu lilikuwa sahihi: bila mti hakuna taswira ya mti. Nililipinga kwenye mkutano kwa sauti niliyoijutia. Mti ulikuwepo kabla ya jengo, na msimu wa kuzaa unalisha ninga, shore, popo na hata watoto wa shule wanaopita. Tulikuwa tumejenga mbele ya mlango wa mwenye mji, halafu tunamwambia ahame kwa kuwa anajigonga ukutani kwetu. Mwenye jengo, ambaye alikuwa kimya muda wote, aliuliza swali moja tu: kukata kunagharimu kiasi gani, na kuacha kunagharimu kiasi gani? Nikaomba wiki mbili.

Uzi wa nyavu

Karatasi maalumu za kubandika zenye vidoti zipo, na hufanya kazi vizuri. Bei yake na gharama ya kuziagiza ilitufanya tukunje karatasi ya makadirio kimya kimya. Lakini kanuni yenyewe si ya kununua. Daniel Klem, mtafiti Mmarekani aliyeanza kuchunguza jambo hili katika miaka ya 1970, pamoja na waliomfuata, walionyesha kwamba ndege hukwepa nafasi anayoona haitapitisha mwili wake. Alama zikiachana sentimita 5 hivi, hata ndege wadogo kabisa hugeuka. Kamba za wima zikining'inia mbele ya kioo kwa nafasi ya sentimita 10 huwazuia wengi.

Kamba, Kisumu! Nilikwenda Dunga siku hiyo hiyo. Pale ufukweni nilimpata mzee mshonaji wa nyavu, nikamweleza nataka uzi mweusi mnene, utakaovumilia jua, urefu wa ghorofa mbili, nyuzi mia kadhaa. Akaniuliza nataka kuvua nini. Nilipomaliza kumweleza alicheka hadi akaweka chini sindano ya kushonea, kisha akaacha kucheka na kuniuliza juu ya upepo. Hilo sikulifikiria. Alasiri upepo wa ziwani huingia mjini, na dhoruba za mvua nazo hupiga. "Ukiacha chini wazi, mwanangu, jioni utakuwa na kichwa cha mwendawazimu." Akanishauri chubwi, vile vizito vya kuzamishia nyavu.

Hatukumsikiliza kikamilifu. Fundi wa alumini alifunga reli nyembamba chini ya ukingo wa ghorofa ya pili, tukashusha nyuzi kila sentimita 10, kila mmoja na chubwi yake, chini huru. Siku nne zilipendeza. Siku ya tano ikapiga dhoruba ya saa kumi, na asubuhi Jaduong' aliandika kwenye daftari: "Nywele." Chubwi zilikuwa zimegonga kioo usiku kucha na mpangaji wa ghorofa ya kwanza alidhani kuna mwizi. Tukazitoa, tukafunga reli ya pili chini na kuzikaza nyuzi kidogo, zisiwe ngumu kama waya. Tangu hapo hazijasokotana.

Kwa shore, kwera na hua mabadiliko yalionekana wiki ile ile. Ungeweza kukaa kwenye benchi ukatazama: ndege anatoka mkuyuni, anakuja, kisha hatua chache kabla ya nyuzi anainua kifua na kupinda kwenda juu. Mama mfagizi alikuja kuketi kando yangu na chai yake, tukahesabu waliogeuka. Ni mara ya kwanza tulihesabu walio hai.

Chozi waliendelea kufa. Ni ndege mwembamba, amezoea kupenya kwenye vichaka, na sentimita 10 kwake ni barabara. Ilibidi turudi Dunga kuongeza nyuzi katikati mwa nyuzi, lakini kwa mita tatu za chini tu, kwenye kimo cha haibiskasi, kwani huko ndiko chozi waliko. Wanaopanga kufanya hivi waanze na sentimita 5 pale penye maua na wasirudie kazi mara mbili kama sisi.

Kona ya ngazi haikuhitaji uzi. Tulitoa mitende, tukapaka vioo vya upande mmoja kwa nje mistari myembamba ya rangi nyeupe, ya kulala, ikiachana sentimita 5. Kazi ya jioni mbili na utepe wa kuzibia. Taa za ngazi tukazibadilisha kwa zile zinazowaka mtu akipita tu, zenye mwanga wa manjano. Jaduong' ndiye aliyekuwa na wasiwasi kwamba giza litaleta wezi. Sasa anasema taa ikiwaka ghafla anajua kuna mtu, zamani zilikuwa zinawaka tu na hazikumwambia kitu. Bili ya stima ilishuka, na hiyo ndiyo hoja pekee iliyomfanya mwenye jengo atabasamu.

Ulinganisho wa haki ulibidi usubiri. Nyuzi zilifungwa baada ya masika kuisha, na mwezi wa Juni ungepungua hata tusingefanya lolote. Masika yaliyofuata ndiyo yaliyojibu: badala ya kurasa mbili tuliandika robo ya ukurasa, na zaidi ya nusu ya hao walitoka kwenye dirisha moja nitakalolitaja.

Nilipokuwa nikitafuta wenzetu, niliwapata mbali. McCormick Place, ukumbi wa mikutano na maonyesho wa Chicago, nao uko ukingoni mwa ziwa na ni kioo kitupu. Usiku wa kuamkia 5 Oktoba 2023 karibu ndege 1,000 walikufa hapo kwa usiku mmoja. Mwaka 2024 vioo vikabandikwa vidoti kwa nje, na vifo vikapungua kwa takriban asilimia 95. Kule New York, Javits Center, nao ukumbi wa mikutano, ulibadilisha vioo vyake katika ukarabati uliokamilika 2014, vifo vikashuka kwa kama asilimia 90, na paa lake lililopandwa majani sasa ni mahali pa shakwe kuatamia. Mfuatano huo ndio ninaoushikilia: kioo kwanza, majani baadaye. Sisi tulianza na majani.

Na tukiwa wakweli, mji wetu ulikuwa unajua. Tembea kwenye maduka ya zamani katikati ya Kisumu, utaona baraza pana, madirisha yaliyozama ndani ya kivuli, kuta za matofali ya matundu. Zilijengwa hivyo kwa sababu ya jua. Hakuna ndege anayegonga tofali la matundu. Sisi tuliobandika kioo cha kutazama mashariki, karibu juu ya mstari wa ikweta, tunalipia viyoyozi kuanzia saa tatu asubuhi, na nyuzi zile zenyewe, kwa kivuli chake chembamba, zimewafanya wapangaji wa mbele waache kuhamisha meza. Sikuutafuta ushahidi huo, wao ndio walioniambia.

Ndege teleka, wanaofanana na mbayuwayu, wameanza kujenga chini ya ukingo wa paa upande wa nyuma, viota vya manyoya na nyasi vilivyogandishwa kwa mate. Mji wa Brighton, Uingereza, tangu 2020 unayataka majengo mapya yanayozidi mita 5 yawe na matofali ya kuatamia ndege wa jamii hiyo. Kwetu nilipata malalamiko mawili kuhusu mavi kwenye magari. Nimefunga ubao chini ya viota na kuhamisha nafasi mbili za kuegesha.

Dirisha lililobaki ni la kantini, upande wa kaskazini, ambalo mwenye jengo hakutaka liwekwe nyuzi kwa sababu ndilo lenye mandhari ya ziwa. Mwezi uliopita mama wa kantini, aliyechoshwa na visubi ndani ya maharagwe, alimwita fundi kwa pesa yake mwenyewe akaweka wavu wa mbu, kwa nje, dirisha zima. Ziwa bado linaonekana, lina ukungu kidogo. Sijamwambia mwenye jengo, na daftari halina mstari mpya wa kantini tangu siku hiyo.